Aliyeshika Chuma

Wapo wanaostaafu wakafuga kuku. Fundi, baada ya miaka thelathini na mitatu ya kuunda mabodi ya mabasi, alinunua boti kuukuu ya alumini iliyowahi kuua mtu, akaipeleka nyumbani kwake aifufue.

Inspekta aliikuta nyuma ya nyumba, Jumanne saa nne asubuhi, imelazwa kifudifudi chini ya banda. Haikugusa ardhi. Ilikalia mabomba mawili manene ya chuma yaliyotokeza ukutani, ncha zake za nje zikiwa zimeegemezwa kwenye nguzo. Nusu ya tumbo lake ilikwisha pigwa msasa ikang'aa. Nusu nyingine bado ilikuwa na rangi ya bluu iliyochunika vipande vipande. Pembeni yake, amempa Inspekta mgongo, alisimama mzee mwembamba mwenye nyundo mkononi.

Mzee alipiga ribiti, kijimsumari cha kubania mabati, haraka haraka, ta-ta-ta-ta-ta, kisha akaacha. Akainamisha kichwa, akasubiri kama mtu aliyebisha hodi na hana hakika kama wenyewe wapo. Uani hapakuwa na mtu mwingine.

Ngo. Ngo. Ngo.

Sauti ilitoka ndani ya boti. Haikuwa kubwa, ila kila pigo lilisikika peke yake. Mzee alishusha pumzi, akachukua patasi, akaanza kuikata ile ribiti aliyotoka kuipiga.

"Shikamoo, Fundi."

Patasi ilianguka. "Marahaba! Lo, umenishtua, mwanangu. Watu hubisha hodi."

"Nimebisha mbele mpaka vidole vimeuma. Hakuna aliyeitika."

"Ah, huko yuko mke wangu tu. Na yeye hasikii, si unajua."

Alijua. Inspekta aliinama, akachungulia chini ya boti. Aliona jeki ya gari iliyobeba kipande cha reli, vumbi la alumini na kandambili moja. Mtu hakuwamo. Akainuka na kupangusa magoti.

"Nani anagonga humo ndani?"

"Nani tena? Bati hilo. Jua likilipata linalia."

Inspekta alitazama juu. Paa la banda lilikuwa zima, na boti yote ilikuwa kivulini.

*

Tuliweke jambo hili wazi kabla mzee hajatuzungusha. Miaka minane nyuma, boti hiyo hiyo ilizama katikati ya maji. Abiria alikuwa mmoja, mwalimu wa hesabu aliyekuwa akivuka kwenda kusimamia mitihani. Kiraka kilichokuwa chini, karibu na mkuku, uti wa mgongo wa boti, kilifunguka kona. Mwenye boti, ambaye kila mtu alimwita Nahodha, aliogelea akapona. Mwalimu hakujua kuogelea.

Nahodha alisema kiraka kile alikitia Fundi, siku mbili kabla. Fundi alisema hajawahi kuigusa boti hiyo maishani mwake. Hapakuwa na karatasi wala shahidi. Palikuwa na neno la mvushaji watu dhidi ya neno la fundi aliyeheshimika mji mzima. Nahodha akapewa miaka kumi na miwili kwa kuchukua abiria kwenye boti aliyojua ni mbovu. Rufaa yake ya mwisho ilikuwa inasikilizwa Alhamisi, keshokutwa. Ikitupwa, atarudi kumalizia miaka minne iliyobaki, na daktari wa gereza alikwisha sema kwa mapafu yale hataifikisha hata miwili.

Binti yake, mshonaji, alifika kituoni kila siku kwa mwezi mzima, akikaa kwenye benchi lile lile na futi yake shingoni, mpaka mkuu wa kituo akachoka kumwona. "Inspekta," alisema, "nenda kamtazame huyo mzee. Ukikosa kitu mpaka kesho jioni, funga."

Na kuna jambo moja ambalo Inspekta hakulisema kituoni, ingawa lilikuwa ndani ya jalada kwa wino wa bluu. Maelezo ya Fundi ya miaka minane iliyopita yaliandikwa na konstebo mmoja mwenye magwanda mapya. Mwandiko ulikuwa wa Inspekta mwenyewe.

*

"Kwa nini umeinunua?" aliuliza.

"Bati zuri. Alumini ya siku hizi ni karatasi tu. Ilipigwa mnada na vielelezo vingine vya zamani, nikasema isiende kuyeyushwa masufuria."

"Katika vyuma chakavu vyote vya mji huu."

"Penye alumini nzuri nanunua, mwanangu. Ubaya uko wapi?"

Inspekta alifungua jalada juu ya tumbo la boti. Boti yenyewe ilikuwa imeachiliwa na mzembe mmoja wa stoo aliyeona kesi imezeeka, lakini picha zilibaki. Akatoa moja: kiraka cha mraba, ukubwa wa daftari la shule, kimezungukwa na ribiti, kona moja imebenuka.

"Hiki kiko wapi?"

"Nilikitoa. Kilikwisha oza, nikakitupa pale pembeni na takataka zingine. Sijui kilikopotelea." Fundi aligonga kiraka kipya kwa kidole, na kwa mara ya kwanza akatabasamu. "Tazama hiki. Weka mkono. Unaona ukucha unakwama popote?"

Haukukwama. Inspekta alitazama kona ya banda, palipoegemezwa mabati manne ya mraba, ukubwa ule ule, yote mapya, yote na matundu ya ribiti zilizokatwa.

"Hiki ni cha ngapi?"

Fundi alijikuna shingo. "Cha tano."

"Vinne vilikuwa na kasoro gani?"

"Havikukaa sawa."

Inspekta aliokota kimoja. Yeye mwenyewe hakuwahi kupigilia msumari ukanyooka, lakini hata yeye aliona kwamba ile ilikuwa kazi safi. "Nani alikwambia havikukaa sawa?"

Macho ya Fundi yaliikimbilia boti, yakarudi. "Mkono. Mkono wa fundi unajua."

Alikuwa amekonda sana. Inspekta alimkumbuka mtu mwenye kitambi na maneno mengi. Huyu wa leo shati lilimning'inia mabegani, na kila baada ya sentensi mbili aligeuza sikio kuelekea kwenye boti.

"Tena, kabla hujaendelea," Fundi alisema, akiingiza kidole kwenye mfereji wa mkuku, "hiki nini?" Kidole kilitoka na chembe nyeusi. "Gundi ya kuzibia mabomba. Mimi nipake gundi? Mimi? Hata mahakamani walicheka. Huyu ni Nahodha wenu, alijitengenezea mwenyewe."

Gundi ile ndiyo iliyomfunga Nahodha. Inspekta aliisogeza picha.

"Hapa gundi imepita juu ya kiraka, Fundi. Haipo chini yake. Anayepaka juu amekikuta kiraka tayari kinavuja."

"Basi alikitia mwenyewe, kikavuja, akapaka. Si ndivyo wafanyavyo watu wasiojua kazi?"

Jibu lilikuwa zuri, na Inspekta aliona hivyo. Wiki nzima alikuwa ameitegemea ile gundi, na sasa imemfia mkononi. Alikunja uso, akageuza ukurasa.

"Ribiti. Katika maelezo yako ulisema hivi: 'Kazi za nyumbani nafanya peke yangu, kwa ribiti za koleo, zile anazobana mtu mmoja.' Ni kweli?"

"Kweli kabisa."

"Asubuhi nilipita karakana yenu ya zamani. Msimamizi alitazama picha hii sekunde moja. Akaniambia hizi si za koleo. Ni za kugonga, kazi ya watu wawili. Mmoja anapiga nyundo kwa nje, mwingine anashika chuma kwa ndani, ribiti ijibane kati yao. Mtu mmoja haziwezi."

"Haziwezi?" Fundi alichokozeka. "Hao vijana wa karakana! Mbona mimi naziweza? Chungulia tena hapo chini. Jeki inasukuma reli, reli inakaza ribiti, mimi nagonga huku. Hakuna aliyewahi kulifikiria hilo."

"Umelifikiria lini?"

"Mwaka huu huu, boti ilipokuja. Nilikaa siku tatu nikichora."

"Kwa hiyo miaka minane iliyopita jeki hii haikuwapo. Walikuwa watu wawili."

Fundi aliitazama jeki yake. Kisha akasema taratibu, "Basi mtafute aliyemshikia Nahodha chuma. Si ana binti?"

"Binti alikuwa shule ya bweni, mji mwingine. Nimeona daftari la mahudhurio."

"Mji una watu wengi."

"Ni kweli. Na chuma chako wewe kiko wapi? Msimamizi anasema kila fundi wa ribiti ana chake, mnakiita kinga. Anasema chako ulikichonga mwenyewe na ulikuwa hukiazimishi hata kwa bosi."

"Kilipotea. Zamani sana."

Nyumbani kwa jirani mtu alikuwa akipiga mswaki na kusukutua. Inspekta hakuandika kitu. Aliuliza kwa sauti ya mtu anayeuliza bei ya nyanya, "Na kwa nini ukishagonga unasubiri?"

"Nini?"

"Unagonga, unaacha, unainamisha kichwa. Kisha ndipo unaamua. Unamsubiri nani?"

"Mazoea hayo."

"Mazoea ya nini?"

Ukimuuliza fundi kuhusu kazi yake, hawezi kunyamaza hata kama kunyamaza ndiko kutakakomwokoa. Fundi aliiweka nyundo chini.

"Aliye ndani humwoni. Na kelele zile, hamwezi kuitana. Kwa hiyo anakujibu kwa chuma. Akigonga mara moja, piga tena. Mbili, imekaa, nenda nyingine. Tatu..." Alilamba midomo. "Tatu ni mbovu. Itoe."

"Nilipoingia hapa nilisikia tatu."

Mzee alimkamata mkono wa shati. Vidole vyake vilikuwa baridi, na macho yalikwisha jaa maji.

"Ulisikia? Na wewe ulisikia?"

"Nilisikia."

"Alhamdulillahi. Nilidhani ni kichwa changu." Kisha akakumbuka anaongea na nani, akamwachia. "Yaani, jua. Bati na jua."

"Tangu lini jua linagonga tatu?"

"Tangu siku ya kwanza. Wiki saba. Mchana kweupe, kazini." Sauti yake ilishuka. "Napiga ribiti nzuri, Inspekta. Nzuri! Inaniambia mbovu. Natoa kiraka, natia kingine. Mbovu. Unajua Mwalimu alikuwa na tabia gani? Aliwafundisha watoto wangu. Mtoto akikosea hesabu hakumwambia amekosea wapi. Aligonga ubao kwa chaki, mara tatu, na mtoto anafuta anaanza upya."

Nywele za mikono ya Inspekta zilisimama. Alikasirika na nywele zake.

"Hebu piga moja," alisema.

"Sitaki."

"Piga, Fundi. Mimi nipo."

Fundi aliweka ribiti, akainama kukaza jeki, akainuka. Ta-ta-ta-ta-ta. Inspekta alikuwa ameweka kiganja juu ya tumbo la boti. Walisubiri. Aliyekuwa akisukutua kwa jirani naye alikuwa amenyamaza.

Ngo. Ngo. Ngo.

Bati lilitetemeka chini ya kiganja chake. Haraka, kabla mlio haujaisha, alihamisha mkono akalishika bomba lililobeba boti. Bomba lilikuwa likitetemeka zaidi, na liliendelea baada ya bati kutulia. Inspekta alilifuata kwa macho kutoka kwenye boti mpaka mahali lilipoingia ukutani.

"Naomba maji ya kunywa," alisema.

*

Mke wa Fundi alikuwa jikoni, amekaa kwenye kigoda akichambua mchele. Majirani walimwita Bi Kimya. Alikuwa mama mnene, mtulivu, wa miaka sitini hivi, na alipomwona mgeni alinyanyua mkono kuamkia bila kufungua kinywa. Inspekta alionyesha kwa ishara kwamba ana kiu. Bi Kimya akamwonyesha pipa la maji kwenye kona.

Nyuma ya mgongo wa mama huyo sufuria la maziwa lilikuwa motoni. Inspekta alikuwa bado ameshika kikombe wakati maziwa yalipoanza kufanya ule mlio mdogo wa kupanda. Bi Kimya alinyoosha mkono nyuma bila kugeuka, akaufungua mfuniko. Maziwa yakashuka. Akaendelea na mchele wake.

Inspekta alikitazama kikombe chake kwa muda mrefu kuliko kikombe kinavyostahili.

Kisha akatazama kilichofunika pipa. Kilikuwa bati la alumini la mraba, ukubwa wa daftari la shule, lenye rangi ya bluu iliyochakaa na alama nyeusi ya gundi pembeni. Ribiti nyingi zilikuwa bado zimo, vichwa vyake mviringo, vimepangika vizuri. Kwenye kona moja tu, tatu zilikuwa zimelala upande, kama zilizopigwa na mtu anayetazama saa. Alihitaji kuhema mara mbili kabla ya kuligusa.

Mlango wa stoo ulikuwa karibu na pipa, umerudishwa tu. Aliusukuma kwa kiwiko. Ndani palikuwa na unga, vitunguu, ndoo tupu, na ukutani, usawa wa kifua, ncha mbili za mabomba ya banda zilizopenya ukuta mpaka upande huu. Moja ilikuwa na kutu. Nyingine ilikuwa inang'aa katikati, na plasta iliyoizunguka ilikuwa imepasuka duara zima na kumwagika chini. Juu ya gunia la unga palikuwa na kitu kizito kilichofungwa kitambaa. Alikifunua kidogo. Kilikuwa kipande cha chuma ukubwa wa kiatu cha mtoto, kimechongwa kimfae mtu mkononi, upande mmoja umelainika kwa miaka ya kazi.

Alikifunika kama alivyokikuta. Aliporudi jikoni, Bi Kimya alikuwa ameacha kuchambua. Alikuwa ametulia, sikio lake la kushoto limeelekea mlango wa stoo.

Inspekta alichuchumaa upande huo wa kushoto. Hakupaza sauti.

"Mama. Nahodha anasikilizwa keshokutwa. Anakohoa damu."

Mama hakumtazama. Vidole vilikuwa ndani ya mchele, vimesimama.

"Miaka minane iliyopita nilikuja kwenye nyumba hii na daftari. Wewe ulikuwa umekaa pale dirishani. Mumeo akasema husikii, na mimi nikaandika. Sikukuuliza hata neno moja. Ilikuwa saa ya kutoka kazini, na nilikuwa na haraka." Alikunywa maji funda moja. "Lile ni kosa langu. Limenikaa hapa kifuani, na sitalitua hata nikikutaka radhi."

Bi Kimya aliokota jiwe moja dogo kwenye mchele, akaliweka sakafuni.

"Nakwenda kumwomba apige ribiti moja ya mwisho," Inspekta alisema. "Ujibu utakavyoona."

*

Fundi hakuwa amesogea. Nyundo ilikuwa bado pale alipoiweka.

"Piga ile ya kona," Inspekta alisema. "Kona ya mkuku."

"Inspekta, nimechoka."

"Hii ni ya mwisho. Ikikaa sawa nafunga jalada, naenda zangu."

Huo ulikuwa uongo, na Fundi aliushika kwa mikono miwili. Alipangusa ribiti kwa shati. Alikaza jeki mpaka mishipa ya shingo ikasimama. Alipiga taratibu, kwa uangalifu, kazi nzuri kuliko zote alizopiga asubuhi hiyo, kisha akaacha na kuinamisha kichwa.

Kimya. Inspekta alihesabu mpaka kumi. Fundi alianza kuinua uso.

Ngo.

"Moja," Fundi alinong'ona. "Anataka nirudie."

Ngo.

"Mbili! Mbili, Inspekta! Umesikia? Imekaa! Imeka—"

Ngo.

Nyundo ilimtoka mkononi. Fundi alipiga magoti hapo hapo kwenye vumbi la alumini, akauweka uso wake ubavuni mwa boti, na alipoanza kusema hakuwa akisema na polisi.

"Nilisikia," alisema. "Basi, Mwalimu. Nilisikia. Siku ile ile nilisikia. Ribiti tatu za mwisho za kona. Tatu, tatu, tatu, kila moja niliisikia vizuri tu. Nahodha alikuwa amesimama pale mlangoni ananiharakisha, hata hajui kuna mtu ndani ya boti, mkono umechoka, nikasema ah, kona moja tu, maji yataijuaje? Nikazipaka rangi. Nilisikia, jamani. Niache sasa. Niache."

Mlango wa jikoni ulifunguka.

Bi Kimya alisimama kizingitini na unga kwenye gauni, chuma kikimning'inia mkononi. Fundi aligeuza kichwa. Alimtazama mkewe, akakitazama kile chuma, akamtazama tena, na Inspekta aliona jinsi mzee alivyokuwa akipiga hesabu hiyo polepole.

"Ni wewe?"

"Ulisikia," mama alisema. Sauti yake ilikuwa nzito na yenye kukwaruza. "Kumbe ulisikia."

"Mke wangu..."

"Uliniambia hukusikia. Usiku ule walipomleta Mwalimu, nilikuuliza. Nilikuuliza mara ngapi? Ukasema kelele zilikuwa nyingi. Ukasema labda niligonga kidogo." Machozi yalikuwa yakimtoka, na hakuyapangusa. "Miaka minane najiuliza kama niligonga kidogo. Nimelala nayo, nimeamka nayo. Nilisema, nimemuua mtoto wa watu kwa kugonga kidogo."

Fundi aliiachia boti. Alikaa chini, mgongo kwenye nguzo, mikono mitupu juu ya mapaja.

"Usitoke hapo ulipo, Fundi," Inspekta alisema, akajiona mjinga kwa kusema, maana mzee yule hakuwa na pa kwenda. Alimsogezea mama ndoo, akaigeuza kuwa kiti. "Kaa, mama. Sikio moja ndilo lililokufa?"

"La kulia. Miaka kumi na tisa kumshikia chuma, likafa. Hili jingine zima." Alikaa. "Polisi mlipokuja, aliniambia, 'Wakikuuliza, wewe husikii.' Nikawa sisikii. Ni mume wangu. Nikasema ngoja, atasema mwenyewe. Ikawa mwaka, ikawa miwili, na mtu ukishakuwa kiziwi kwa majirani huwezi kuamka Jumatatu ukawa unasikia."

"Na boti ilipokuja?"

"Alipokitoa kile kiraka akakitupa, nilikiokota. Nikasema sasa anataka kufuta. Kinga nilikuwa nacho siku zote, alidhani kimepotea. Nilikuwa namgongea aseme. Hicho tu nilichotaka, aseme."

"Wiki saba kila siku. Mkono haukuchoka?"

Bi Kimya alimtazama kama mtu aliyesikia hesabu isiyolingana.

"Mimi wiki tatu."

"Yeye anasema tangu siku ya kwanza."

"Anasema kweli." Mama alikiweka chuma chini, taratibu, kati ya miguu yake. "Wiki zile za mwanzo nilikuwa nimekaa jikoni pale, mikono yangu miwili kwenye mchele, nasikiliza ikigonga tatu. Ile ndiyo iliyonipa wazo."

Inspekta aliitazama boti. Ilikuwa bati tu, nusu inang'aa, nusu bluu, chini ya paa zima, kivulini. Alisubiri kidogo, hata hakujua anasubiri nini. Kisha akalivuta jalada na kulifungua kwenye ukurasa wa zamani, penye mwandiko wa konstebo aliyekuwa na haraka. Sentensi ya mwisho ilisema: *Mke wa shahidi ni kiziwi. Hakuhojiwa.* Aliikata kwa mstari mmoja ulionyooka, akatia sahihi na tarehe ya leo pembeni, akageuza karatasi mpya.

Bi Kimya alikuwa tayari amegeuza ndoo kidogo, ili sikio la kushoto liwe upande wa Inspekta.

"Haya, mwanangu," alisema. "Uliza sasa. Nasikia."